Kabla ya Kupeleka Maoni kwa Tume ya Mipaka

Aliyewahi kuhudhuria vikao vya maoni kuhusu mipaka ya maeneo bunge nchini Kenya anajua kwamba anayepigiwa makofi mengi ukumbini siye anayeandikwa sana na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Niliyaona hayo Mombasa, katika mapitio yaliyokamilika mwaka 2012, yaliyoitoa Jomvu katika Changamwe na Nyali katika Kisauni, nilipowasaidia majirani kuandaa waraka wao. Kwa kuwa mapitio mengine yanasubiriwa, nina ushauri kwa wanaojiandaa.

Isome kwanza Ibara ya 89 ya Katiba. Inaweka maeneo bunge 290, na kutaka kila moja likaribie wastani wa kitaifa wa watu, kwa tofauti isiyozidi asilimia 40 katika majiji na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, hivyo wastani ni takriban 164,000. Kwa kuwa idadi ya maeneo imefungwa, anayedai eneo jipya anadai, hata asipolisema, kwamba jingine lifutwe mahali fulani. Na kinga ya kutofutwa, waliyowekewa maeneo 210 yaliyokuwepo kabla ya Katiba ya 2010, ilihusu mapitio ya kwanza tu, yale ya 2012.

Hesabu peke yake haitoshi, maana Katiba inazingatia pia jiografia, miji, njia za mawasiliano na mafungamano ya jamii. Hapa ndipo mwananchi anamzidi mtaalamu wa ramani. Waraka wetu ulieleza wakazi wanatibiwa zahanati gani, wanashukia matatu wapi na watoto wanavuka barabara ipi kwenda shuleni, na makamishna waliuliza maswali juu ya mambo hayo kuliko juu ya kauli za "sisi ni jamii moja" zilizorudiwa asubuhi nzima.

Msikubali kutia sahihi waraka ulioandaliwa na watu wa mheshimiwa. Eneo bunge huja na fedha za hazina ya maendeleo, zikiwemo basari, kwa hiyo mwanasiasa ana sababu zake za kupenda mpaka upite hapa badala ya pale. Tume inaweza kuwa huru kisheria, lakini ikiletewa nyaraka mia zenye maneno yale yale, itachora ramani ya aliyeziandika.

Uhuru huo pia unahitaji watu ofisini. Kuanzia mapema mwaka 2023 hadi Julai 2025 tume yetu haikuwa na makamishna, na kikomo cha mapitio, Machi 2024, kikapita. Wanaotunga sheria za tume kama hii, hapa au nchi jirani, walazimishe uteuzi wa warithi ufanyike kabla ya muda wa waliopo kwisha.

Mwisho, hifadhi nakala ya waraka iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Asiyeridhika na mipaka ana siku 30 tu, tangu itangazwe katika gazeti rasmi la serikali, kuomba Mahakama Kuu iipitie, na wakili wako ataiulizia nakala hiyo kabla ya kitu kingine.