Kuuliza kwa Kiingereza kazini bila kumkwaza mtu

Wengi tuliokulia Tanga tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hamuulizi mkubwa jambo mara mbili. Malezi hayo nayaheshimu, ila kwenye barua pepe za kazi yanatuponza. Mimi nashughulika na nyaraka za kusafirisha mkonge, na wanunuzi wa nje tunaandikiana kwa Kiingereza. Mnunuzi akikuandikia ukakaa kimya, anajua umeelewa na umekubali.

Vijana wanaoanza kazi hawakosi adabu. Wanaiweka nyingi mno, swali lenyewe halionekani. Mtu anaandika mistari minne ya kuomba radhi kwa usumbufu, kisha anamalizia na "please clarify". Sasa mwenzio afafanue lipi?

Chukua mfano huu. Mnunuzi wa Marekani anaandika: "Please ship 100 tons by 05/06." Tani tunayoitumia sisi ni kilo 1,000. Tani ya Kimarekani ni pauni 2,000, yaani kilo 907 hivi. Kwenye tani 100 tofauti inapita tani tisa, na ukifunga marobota ya kilo 250, hayo ni marobota 37! Tarehe nayo: sisi tunasoma Juni 5, yeye huenda amekusudia Mei 6. Mwezi mzima huo, na meli haikusubiri.

Ningemjibu hivi: "Thank you for your order. Could you please confirm two points? We understand 100 metric tons of 1,000 kg each, to be loaded by 6 May. Is that correct?" Hakuna kuomba radhi hata mara moja, na bado ni barua ya heshima. Upole umo kwenye "could you please", na zaidi umo kwenye kumpunguzia mtu kazi, kwa sababu akijibu "yes" yamekwisha. Umemwonyesha pia kwamba umemsoma vizuri. Na mwezi uandike kwa jina, siku zote.

"What do you mean?" usiiandike. Kwa mdomo, sauti ikiwa ya upole, inapita. Kwenye maandishi inasomeka kama ugomvi. Taja mahali palipokutatiza: "I am not sure I have understood your second paragraph."

Simu ndiyo ngumu zaidi. "Fifteen" na "fifty" zinachanganya hata wenye lugha yao, kwa hiyo uliza "one five or five zero?" Mkipanga muda, uliza ni saa za wapi. London iko nyuma yetu kwa saa tatu, lakini majira yao ya joto wanasogeza saa zao, zinabaki mbili. Ukikata simu, mwandikie palepale mliyokubaliana.

Kama maelekezo ya Kiingereza yametoka kwa bosi wako aliye chumba cha pili, mfuate, msalimie, umuulize kwa Kiswahili.

Na mnunuzi asipojibu? Mpe siku moja au mbili, kisha rudisha swali lilelile juu ya barua ileile, ukitaja sababu: "We need this before we can book the container." Usimwambie kwamba hakukujibu. Hilo ataliona mwenyewe, barua yako ya kwanza iko hapo chini.