Barua kwa mwanangu: yule beberu

Bahi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa shambani, na usiku nikaurudia mama yako naye asikie. Unasema umekutana na mwenzako mliyekuwa naye kombania moja kule kambi ya Chita, ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Yeye ameajiriwa, kavaa kombati, mkakumbatiana hapo sokoni Majengo mbele ya magunia yako ya mchele. Alipoondoka ukabaki na swali: "Baba, siku niliporudi bila kuchaguliwa, ulichinja beberu. Ulikuwa unajivunia kweli, au ulikuwa unanifunika aibu?"

Nilikuwa najivunia. Hilo ndilo jibu. Mengine haya ni maelezo tu, maana nakujua, ukijibiwa kwa neno moja hulali.

Aibu gani kwanza? Tangazo nililisoma mwenyewe kabla hujajaza fomu. JKT haitoi ajira, inatoa mafunzo, na mkataba wa kujitolea ukiisha kijana anarudi kwao. Tulijua. Sikatai kwamba tulikuwa na matumaini. Mzazi gani anayempeleka mtoto kujitolea asipige hesabu zake moyoni: polisi wanachukua, magereza wanachukua, huenda na wangu akapata. Hukupata, na iliniuma. Hata leo inaniuma zikifika siku za ada za wadogo zako. Lakini hayo ni ya mfukoni. Waliochanganya mambo ni majirani. Yule wa ng'ambo ya reli aliyeuliza "si mlisema anarudi afande?" aliuliza huku anatafuna nyama yangu, na jioni akaondoka na paja zima.

Vita vya Kagera vilipoanza mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Baba yako mkubwa alipanda treni hapa hapa stesheni ya Bahi mwishoni mwa 1978, na vijana wengine wa mgambo. Kampala ilipotekwa, tarehe 11 Aprili 1979, tulisikia kwenye redio ya mwalimu, ila yeye alichelewa sana kurudi, mpaka bibi yako akawa haendi tena stesheni. Siku aliyorudi, babu yako hakumuuliza cheo wala pesa. Alimshika mabega, akamgeuza huku, akamgeuza kule, kama anayekagua fahali mnadani, kisha akaagiza mbuzi. Baba mkubwa akarudi kwenye uwele wake na mtama wake. Hakuajiriwa popote, na mpaka anafariki kikao cha ukoo kilikuwa hakianzi kabla hajafika.

Baada yake hakwenda mtu mwingine kwetu. JKT ipo tangu Julai 10, 1963, lakini mwaka 1994 mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa, yakarudi 2013, na wadogo zangu umri wao uliishia humo katikati. Ukaja wewe. Mtoto wa Kigogo aliyelelewa na vumbi, unapelekwa bonde la Kilombero, kwenye maji ya magotini na mbu wasiojua mgeni. Simu ya kwanza ulilia. Mchakamchaka, doso za adhabu, kuamshwa kwa filimbi. Mama yako akataka nikufuate. Nikamwambia tungoje simu ya pili. Ya pili ulituimbia chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, mpaka salio likakata.

Sasa siku yenyewe. Ulishuka kwenye basi saa tisa mchana. Buti zilikuwa zimepigwa kiwi, vumbi likiwa juu ya kiwi. Kaka zako wakakimbilia tranka, ukawazuia, ukalibeba mwenyewe begani mpaka uani. Akina mama walikuwa wameshaanza kupiga ngoma ya muheme, hukwenda kwao kwanza. Ulianza na bibi yako, ukapiga goti, ukamwamkia Kigogo, "mbukwa", kisha mzee mmoja mmoja kwa umri, hukumruka hata yule asiyesikia vizuri. Ulipofika kwangu ulisimama wima, ukanitazama, ukasema: "Baba, sikuchaguliwa." Watu wote wanasikia, hata maji hujanywa. Hukusema fulani alihonga, hukusema afande fulani alikuchukia. Ukanyamaza, ukangoja.

Nimeishi na wanaume wazima wasioweza kuleta habari mbaya namna hiyo. Mtu akipoteza ng'ombe mmoja malishoni, utazungushwa wiki nzima, mara fisi, mara wezi, mara mchungaji alikuwa anaumwa. Wewe ulikuja nayo mlangoni ukaiweka chini. Hapo ndipo nilipomwita kaka yako akamfungue beberu. Wala hakuwa amepangwa. Mama yako alikuwa ameandaa kuku wawili, muulize.

Ya jaruba la mpunga unayajua, nisiyarefushe. Huku kwetu mpunga tulikuwa tunamwaga mbegu tu na kumwachia Mungu. Siku ya pili ulisimama ukingoni, ukauliza maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, ukaniambia jaruba halijasawazishwa ndiyo maana upande mmoja unakauka. Ukafunga mafundo kwenye kamba ya katani, mkaatika, mkapandikiza miche michanga kwa mistari, mmoja au miwili kila shimo. Baba yako mdogo alicheka. Msimu uliofuata alikuja kuazima kamba, na mpaka leo hajairudisha.

Kwa hiyo mwenzako akipita tena na kombati yake, mpikie chai, mfurahie. Amepata riziki yake. Hiyo haihesabiwi kwenye yako.

Kuna jambo la mwisho. Mdogo wako naye anataka kwenda kujitolea. Ameshaulizia fomu wilayani bila kuniambia, nimesikia kwa mtendaji. Sitamzuia, ila sitaki aende akiwa na ndoto za bunduki na mshahara. Atakupigia Jumapili. Mweleze yote, doso, mbu, na kwamba anaweza kurudi kama ulivyorudi wewe. Usimpunguzie. Na mchele ukipanda bei huko, tujulishe mapema, bado tuna magunia ghalani.

Baba yako