Ripoti nimeandika mwenyewe, mbona siikumbuki?

SWALI: Mhariri, mimi ni ofisa miradi. Tangu nianze kuandaa ripoti kwa msaada wa akili unde, kazi inakwisha mapema, lakini kikaoni nikiulizwa takwimu iliyomo humo humo nabaki kutumbua macho. Je, kumbukumbu yangu inaharibika? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Takwimu hiyo haikuwahi kuingia kichwani. Uliipitia kwa macho tu. Mwaka 2011 mtafiti Betsy Sparrow na wenzake walichapisha katika jarida la Science majaribio ya watu walioandika taarifa kwenye kompyuta. Walioamini zitahifadhiwa walizikumbuka kidogo kuliko walioamini zitafutwa. Folda ambamo taarifa ziliwekwa waliikumbuka vizuri kuliko taarifa yenyewe.

Wengi hujitibu kwa kuisoma ripoti mara tatu usiku wa kuamkia kikao. Hapo ndipo wanapojidanganya: maneno yanazoeleka, ukadhani unayajua. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima hilo mwaka 2006. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza kwa kukumbuka. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 hivi ya walichosoma, na waliojijaribu bila kutazama, asilimia 56.

Basi fanya hivi. Kabla ya kufungua programu, chukua karatasi uandike kwa dakika 5 unachokijua: hoja kuu, namba unazozikumbuka, hitimisho unalolitarajia. Ukikosea si neno, almradi umejaribu. Kisha fanya kazi na mashine. Ukimaliza, funga skrini, andika upya hoja na namba kwa kichwa, ndipo ulinganishe na data za awali, maana mashine nayo hukosea namba bila haya. Rudia kesho yake, na tena asubuhi ya kikao.

Usikariri kila kitu. Muundo wa barua na orodha ya mahudhurio viache huko huko. Chagua namba tano zinazobeba uamuzi: bajeti, kiasi kilichotumika, walengwa waliofikiwa, lengo la mwaka, pengo.

Mashine yenyewe inaweza kukusaili. Bandika ripoti, uiagize: “Niulize swali moja moja, usinipe machaguo, usitoe jibu kabla sijajibu.” Machaguo yakiwepo utalitambua jibu ukiliona, na kikaoni hakuna atakayekuwekea A, B na C.