Kabla ya droni, malizana na daftari

Kijana mmoja aliyetoka chuo cha kilimo kaniandikia juzi: ana majaribio ya mahindi ya kupimia mavuno, fedha haba, je, anunue droni au aombe kombaini ya ploti, yaani mashine ya kuvunia vipande vidogo vya shamba la majaribio? Najua wengi mnaonisoma mnaota hayohayo.

Kombaini za ploti, mfano zile za Wintersteiger wa Austria, ni tamu kweli. Inavuna, inasimama mwisho wa ploti punje zote zipite, inapima uzito na unyevu, namba zinaingia kwenye kompyuta pale pale alipo dereva. Lakini ploti zetu nyingi ni mistari miwili ya mita 5, nafasi sentimita 75. Hizo ni mita za mraba 7.5. Kosea kilo 1 hapo, kwenye hekta umekosea kilo 1,333. Mbegu nzuri inaonekana mbaya, inatupwa hivihivi.

Na kilo hiyo mara nyingi haipotelei kwenye mizani, inapotelea njiani. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika, jua la saa nane linawaka, 4.7 inakuwa 7.4, na jioni mtu wa tatu ambaye hata shambani hakufika ananakili.

Kazini nilipendekeza kila mfuko uwe na msimbopau (barcode), tuwe na tableti yenye Field Book, programu ya bure ya kuingizia data shambani iliyotengenezwa Kansas State University, na mizani inayotuma uzito kwa Bluetooth. Mkubwa mmoja akasema kikaoni, "Wewe fundi wa shamba, ya kompyuta waachie wenyewe." Watu wakacheka. Sikujibu, ila sijasahau.

Msimu huu tumevuna hivyohivyo. Unaskani mfuko, unauning'iniza, namba imeingia, hakuna aliyeshika kalamu. Mfuko uliorukwa tuliujua papo hapo, ukiwa bado chini ya mwembe. Ripoti ilipopanda juu, mfumo ukaitwa "ubunifu wa idara". Haya.

Basi mdogo wangu, anza na mizani. Kila asubuhi ipime kwa jiwe lake la kilo unazozijua. Ondoa uzito wa mfuko mtupu. Na unyevu, tafadhali, unyevu! Punje kilo 4.8 zenye unyevu wa asilimia 20 ni kilo 4.39 tu ukizirekebisha hadi asilimia 12.5, tofauti hiyo ni maji, nawe utayaandika mavuno? Vijana mnapenda kinachoruka angani. Droni inakadiria tu, na makadirio yake utayapima kwa nini kama mizani yenyewe haiaminiki? Mizani kwanza. Nasema tena, mizani.

Pesa ikibaki, nunua ya pili ya akiba na betri za kutosha. Halafu kwenye faili la data weka safu ya "aliyepima", ujaze jina lako kila mstari, kabla hujalituma kwa mtu yeyote.