Kati ya hospitali kubwa na kituo cha afya, uanzie wapi?

Hongera mdogo wangu kwa kumaliza diploma ya uuguzi. Umeuliza usubiri nafasi KCMC au Mawenzi, hospitali kubwa za Moshi, au ukubali kituo cha afya kijijini, maana moyo wako uko wodi ya wazazi. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwanza. Bila hiyo hata kujitolea usikubali.

Mimi ningekwenda kituoni. Hospitali kubwa utaona kifafa cha mimba na upasuaji, ila wanafunzi wamejaa, utasimama nyuma ya migongo ya watu. Kituoni utazalisha. Lakini uliza kabla ya kusaini: zamu ya usiku kuna mkunga mzoefu? Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua, inakaa kwenye friji? Kifaa cha kumpulizia hewa mtoto asiyelia kipo? Gari la rufaa je? Wakijibu kwa kusuasua, achana nao.

Ukifika, jaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, saa ileile, si mama akishajifungua (wapo wanaofanya hivyo, na huwa inaonekana). Mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni yakikaa chini ya 110 au juu ya 160 kwa dakika, ita msaada, usione aibu. Digrii utasoma baadaye, hata hapohapo Moshi.