Floribert Bwana Chui alikuwa nani?

Umeuliza kama Floribert, Mwenyeheri wa Kanisa Katoliki (hatua moja kabla ya kuitwa mtakatifu), alikuwa padri. Hapana ndugu yangu, alikuwa mlei, yaani muumini wa kawaida asiye padri wala mtawa, kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), aliyezaliwa mwaka 1981 na kusomea sheria. Akiwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, ile jumuiya ya walei Wakatoliki iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, na hapo ndipo uongozi wake ulipoonekana: aliwatafuta watoto wa mitaani, wale maibobo ambao wengi huwafukuza, akala nao, akawasaidia kurudi darasani kupitia Shule ya Amani ya jumuiya hiyo.

Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa, mpakani na Rwanda. Unaujua mpaka ule: foleni ya malori, na kila mtu ana haraka. Wafanyabiashara walimletea pesa apitishe vyakula vilivyoharibika. Alikataa. Simu zikapigwa kutoka kwa wakubwa, dau likapandishwa, bado akakataa, kwa sababu alijua nani watakaokula chakula hicho. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26 tu.

Papa Fransisko aliwatajia vijana habari zake Kinshasa mwaka 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert akatangazwa Mwenyeheri shahidi katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Kwangu mimi, kila mlei anayeshika muhuri wa ofisi anapaswa kumjua huyu. Watoto wale wa Goma walimjua mapema kuliko sisi sote.