Ukianza kazi kwenye maziwa ya milimani, usidanganywe na maji maangavu

Wewe unayeanza kusoma ikolojia ya maziwa haya, nakuomba usiandike kwenye daftari kwamba ziwa halijaguswa na binadamu kwa kuwa tu umepanda siku nzima bila kukutana na mtu.

Anza kwa kuuliza habari za samaki. Maziwa mengi ya milima mirefu yalichongwa na barafu, na maporomoko yaliyo chini yake yaliwazuia samaki kupanda, hivyo waliomo leo mara nyingi walipelekwa na watu. Kule Sierra Nevada, California, samaki aina ya trauti walibebwa kwa nyumbu, kisha wakaja kumwagwa kutoka kwenye ndege. Vyura wa huko hukaa viluwiluwi kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo huhitaji maziwa ya kina yasiyoganda hadi chini, na humo ndimo trauti walimowekwa. Wakaliwa. Watafiti walipowatoa samaki kwa nyavu katika baadhi ya maziwa, vyura wakarudi kwa wingi. Nikisikia mtu akisema kwamba kilichoharibika milimani hakitengenezeki, huwa nakumbuka vyura hao.

Njia ya haraka ya kupata fununu ni hii: pitisha majini wavu wa planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, mimina kwenye chupa ya kioo na uinue kwenye mwanga. Ukiona vijidudu vikubwa vyekundu, hata bila darubini, huenda ziwa halina samaki. Rangi ile huvikinga na jua kali la mwinuko, lakini pia huvifanya vionekane upesi, na samaki huanza na hivyo. Ukikuta vidogo tu visivyo na rangi, ulizia zaidi.

Madhara mengine hushuka na mvua na theluji. Naitrojeni ya mashambani na ya moshi wa magari husafiri mbali, na kwa kuwa maji haya yana virutubisho haba, kiasi kidogo tu hubadilisha mwani. Katika milima ya Rocky, Amerika Kaskazini, diatomu (mwani mdogo mno wenye ganda gumu) iitwayo Asterionella formosa, iliyokuwa adimu, imeongezeka sana tangu katikati ya karne ya 20. Habari hizo zilitoka kwenye tope la chini ya ziwa, ambamo maganda yake hubaki tabaka juu ya tabaka.

Kwenye tope usifanye haraka. Bomba la kuchotea tope likishatoka ziwani, tazama maji yaliyo juu ya tope: yakiwa yamevurugika, mwaga urudie, kwani tabaka la juu ndilo linalobeba miaka yetu. Tope hujaa polepole huko, sentimita moja inaweza kuwa miaka kumi au zaidi, kwa hiyo kata vipande vyembamba, nusu sentimita au chini ya hapo. Maabara itavipa umri kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi.

Buti na nyavu zisafishwe na zikauke kabisa kabla ya ziwa linalofuata, kwa sababu kuvu inayoua vyura husafiri kwenye unyevu. Kama ratiba ina maziwa mawili kwa siku moja, beba wavu wa pili.